Moto Chini, Moto Juu

Hatuna oveni pale Kiti. Tuna jiko la makaa,
sufuria kuukuu iliyopoteza mkono mmoja,
na mchanga niliouchekecha mara mbili,
kwa sababu siku ya kwanza Khaemba alitafuna kokoto
akanikumbusha mwaka mzima.

Jibini ni vipande vya pembeni, vile kiwanda hakiuzi:
vimevunjika, vimepinda, kimoja kina alama ya kisu.
Ijumaa msimamizi hutugawia ndani ya gazeti
nami hurudi navyo nyumbani nikinuka zizi.
Nasambu wa mlango wa tatu huiita harufu hiyo
soksi za askari.
Hata hivyo, huwa wa kwanza kufika.

Sipimi kwa kikombe.
Maziwa lala nayaning'iniza kwenye kitambaa usiku kucha,
asubuhi maji yametoka, kimebaki kitu kizito, laini.
Kitunguu nakikaanga mpaka kisahau ukali wake.
Hoho moja. Pilipili mbuzi mbili, pamoja na mbegu,
maana Julai ya Nakuru ina upepo unaoshuka Menengai
ukimtafuta asiye na sweta.
Bizari kidogo. Chumvi hapana, jibini inayo yake.
Nakoroga, namimina kwenye bakuli la udongo,
bakuli nalizika nusu katika mchanga wa moto,
nafunika kwa bati, na juu ya bati napanga makaa.
Moto chini, moto juu.
Halafu mtu hungoja, na kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Leo nilimwita Jebiwott.
Miezi kumi na minne hatujasemezana,
tangu nimuuze Doa, ng'ombe wa mama,
bila kumuuliza.
Nilikuwa na deni la hospitali, na mgonjwa alikuwa mama mwenyewe.
Nilidhani hilo linatosha kueleza.
Halikutosha.

Amekuja. Amekaa karibu na mlango,
mkoba juu ya magoti, kama anayesubiri namba yake iitwe.
Wenzetu wanacheza karata juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mtoto wa Gathoni ananusa hewa.
Imeiva? Bado.
Sasa? Bado.
Na sasa?

Nikafunua kwa kipande cha gunia.
Juu imepata rangi ya asali, kandokando inatokota,
malengelenge yanainuka na kupasuka, pwa, pwa.
Chapati zikachanwa. Mikono minane, bakuli moja,
sahani hakuna, kijiko hakuna, wa kupuliza vidole apulize.
Mwenda pole hajikwai, wanasema,
ila kwenye bakuli hili mwenda pole hulamba udongo.

Jebiwott akasogeza kiti. Akachovya.
Akavuta mkono, na jibini ikamfuata,
uzi mrefu, ukapita juu ya karata za Khaemba,
ukanasa kwenye kipande changu.
Akavuta. Nikavuta. Haukukatika.
Pilipili ilikuwa imempanda puani, macho yakamlowa,
nasi sote tukakubali kwamba ni pilipili.

"Haya ni maziwa ya nani?" akauliza.
Maneno ya kwanza.
"Sijui," nikasema. "Ya ng'ombe wengi.
Labda na Doa yumo."

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime:
majirani wanaijua hiyo,
wakaendelea kuchovya kana kwamba hawana masikio.
Nasambu hata alikohoa, ili asisikie vizuri zaidi.

Dada yangu akaukata uzi kwa kidole, akakilamba.
"Chumvi imezidi," akasema.
Kisha akainama, akakwangua ukoko ukingoni,
ule uliokuwa fungu la mama katika kila chungu,
akaugawa mara mbili,
kipande kikubwa akala yeye.